Jiwe Likishatoka Mkononi: Historia Fupi ya Istilahi za Mwendo wa Vitupwa

Mtafsiri anayekabidhiwa sura ya fizikia ihusuyo mwendo wa vitu vilivyotupwa huwa amejiandaa kupambana na maneno makubwa: parabola, pembe ya mwinuko, kasi ya mlalo na kasi ya wima. Kusema kweli maneno hayo hayamtaabishi sana. Neno geni hupokewa kwa hadhari, huulizwa litokako, na mwishowe hupewa kiti. Linalopita mlangoni bila kuulizwa ni neno tulilozaliwa nalo, yaani nguvu.

Hebu tuitazame sentensi hii, ambayo kila mwalimu wa sayansi ameisikia kwa wanafunzi wake, na pengine ameisema mwenyewe: jiwe hupanda kwa nguvu za mkono, na nguvu hizo zikiisha huanguka. Kwa Kiswahili cha kila siku sentensi hiyo haina dosari yoyote, na mtu akiisema barazani hakuna atakayempinga. Kwa fizikia ni kosa tangu mwanzo hadi mwisho. Tena ni kosa lenye ukoo, kwa maana wasomi wakubwa wa Ulaya na wa nchi za Kiislamu waliishi nalo kwa karne nyingi, wakalitafutia majina ya Kiyunani, ya Kiarabu na ya Kilatini, na kila jina jipya lilipotokea walidhani wamepata jibu. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi kosa hilo lilivyozaliwa, lilivyosafiri kutoka lugha moja hadi nyingine, na lilivyoondolewa, ili sisi tunaotunga istilahi tusije tukalirudisha kwa mlango wa nyuma.

Mwanzo wake ni swali la Aristotle, aliyeishi kati ya mwaka 384 na 322 K.K. Kwa Aristotle mwendo ulikuwa wa aina mbili. Kulikuwa na mwendo wa asili, kama wa jiwe linaloshuka au moshi unaopanda, na mwendo wa kushurutishwa, kama wa gari la ng'ombe. Mwendo wa kushurutishwa ulihitaji mshurutishaji aliye pamoja na kitu chenyewe muda wote. Ng'ombe wakisimama, gari husimama. Basi jiwe lililokwisha kutoka mkononi lashurutishwa na nani? Aristotle akajibu kwamba ni hewa: mkono hausukumi jiwe peke yake, bali huipa na hewa uwezo wa kusukuma, nayo hewa iliyo karibu huupitisha uwezo huo kwa hewa iliyo mbele yake, hadi uwezo unapofifia na jiwe kurudi kwenye asili yake.

Jibu hilo lilipingwa mapema, na aliyelipinga kwa makali zaidi atawapendeza wasomaji wa jarida hili, kwa sababu alikuwa mtu wa sarufi. Katika karne ya 6 aliishi Iskandaria mwanachuoni ambaye Wayunani walimwita Yohane Philoponus, na Waarabu wakaja kumwita Yahya al-Nahwi, yaani Yahya Mwanasarufi. Neno ni lilelile lililotupatia sisi nahau. Yahya aliuliza: kama hewa ndiyo isukumayo, mkono una haja gani ya kuligusa jiwe? Mtu aliweke jiwe juu ya ncha ya mti, kisha aivurumishe hewa iliyo nyuma yake kwa vyombo vyovyote avipendavyo. Jiwe halitakwenda hata dhiraa moja. Kwa maoni yake mtupaji hutia ndani ya jiwe lenyewe uwezo usio na mwili, nao ndio unaolipeleka.

Wasomaji wataona kwamba Yahya alibadili jibu tu. Swali alilibakiza kama lilivyokuwa: ni nini kinachoshurutisha? Kilichokuwa nje ya jiwe, yaani hewa, sasa kiliingizwa ndani ya jiwe.

Vitabu vya Aristotle na hoja za wapinzani wake vilipita kutoka Kiyunani hadi Kiarabu kwa kazi ya watafsiri wa Baghdad. Kitabu cha Fizikia kilitafsiriwa na Ishaq ibn Hunayn, aliyefariki mwaka 910 hivi. Ndani ya lugha hiyo mpya mjadala ulipata neno lake, mayl, lenye maana ya mwelekeo au mwinamo. Ibn Sina (980–1037) aligawanya mayl ya asili na mayl ya kulazimishwa, kisha akasema jambo ambalo kwa masikio ya leo ni la ajabu: katika utupu, pasipo hewa wala kizuizi chochote, mayl ya kulazimishwa isingekwisha, na kitu kingeendelea kwenda bila kikomo. Yeye alilisema hilo ili kuonyesha kwamba utupu hauwezi kuwapo. Lakini limesemwa. Nami naona kwamba neno lenyewe lilisaidia, maana mwelekeo haulazimiki kwisha kama nguvu za mtu aliyechoka zinavyokwisha.

Huko Paris, katika karne ya 14, Jean Buridan alitumia neno la Kilatini impetus, lenye asili ya kitendo cha kurukia au kushambulia. Alifundisha kwamba impetus ya kitu hulingana na wingi wa mata yake na kasi yake, na kwamba hudumu mpaka ipunguzwe na ukinzani au na uzito wa kitu chenyewe. Mwalimu wa fizikia akisoma maneno hayo atashtuka, kwa kuwa wingi wa mata mara kasi ndiyo hesabu anayowapa wanafunzi wake hata leo. Tofauti haimo katika hesabu. Kwa Buridan impetus ni kisababishi: jiwe huenda kwa sababu lina impetus. Kwa fizikia ya leo zao lile la tungamo na kasi ni kipimo cha mwendo, na kipimo hakisukumi kitu, kama vile urefu wa mtu haumfanyi arefuke. Watu wawili wanaweza kuandika tarakimu zilezile huku mmoja akiwa amekosea, na kosa lake liko katika neno tu.

Hadi hapo mjadala ulikuwa wa madarasani. Aliyeutoa nje ni mzinga. (Waswahili walipokiona chombo hicho walikipa jina la gogo lililotobolewa la kuwekea nyuki, na nani atasema walikosea, umbo ni lilelile, na ukikaribia ovyo utaumia.) Mizinga iliyofika Mombasa pamoja na Wareno, na ambayo Ngome ya Yesu iliyoanza kujengwa mwaka 1593 iliundwa kuikabili na kuitumia, ilikuwa ya ukoo mmoja na ile iliyokuwa ikiwasumbua vichwa wapiga mizinga wa Italia. Hao hawakujali ni nini kinachosukuma. Walitaka kujua tufe litaangukia wapi.

Mwaka 1531, mjini Verona, mpiga mizinga mmoja alimwendea mwalimu wa hesabu aitwaye Niccolò Tartaglia akamwuliza mzinga uinuliwe kiasi gani ili upeleke tufe mbali kuliko yote. Mwalimu huyo alikuwa mzaliwa wa Brescia. Mwaka 1512, akiwa kijana mdogo, majeshi ya Ufaransa yaliuteka na kuupora mji wake, naye alikatwa upanga usoni hata akashindwa kusema sawasawa. Tartaglia ndilo jina la utani alilopewa, maana yake Kigugumizi. Jibu lake kwa yule rafiki lilikuwa nyuzi 45, au kwa lugha ya wapiga mizinga, nukta ya 6, kwani kipimapembe walichokitumbukiza mdomoni mwa mzinga kiligawanywa nukta 12 tangu mlalo hadi wima.

Mwaka 1537 alitoa huko Venezia kitabu alichokiita Nova Scientia, yaani Sayansi Mpya. Katika utangulizi wake anaeleza kwamba wakati fulani dhamiri ilimsuta kwa kuikamilisha elimu ya kuwadhuru wanadamu wenzake, akaziharibu karatasi zake, kisha hofu ya kushambuliwa na Waturuki ikamrudisha kwenye kazi. Kitabu chenyewe kimejaa Aristotle. Njia ya tufe imechorwa humo kwa vipande vitatu: mstari ulionyooka wa mwendo wa kushurutishwa, kipande cha duara, kisha mstari wa wima wa mwendo wa asili. Mwaka 1546, katika kitabu kingine, alikiri kwamba hakuna sehemu yoyote ya njia hiyo iliyonyooka kabisa. Nyuzi 45 alizipata sawa. Sababu aliyoitoa haikuwa sawa. Jambo hili hutokea mara nyingi kuliko tunavyopenda kukubali, katika fizikia na katika tafsiri pia.

Lakini kwetu sisi Tartaglia ana jina jingine. Kigugumizi huyu aliyejifunza kwa shida aliandika Sayansi Mpya kwa Kiitalia, lugha ya wapiga mizinga na mafundi, wakati ambapo msomi aliyejiheshimu aliandika Kilatini. Na mwaka 1543 alichapisha tafsiri ya Kiitalia ya Elementi za Euclid, ambayo ndiyo ya kwanza kuchapishwa katika lugha hai ya Ulaya. Wale wanaotuambia kwamba lugha hungoja kwanza ikomae ndipo ibebe sayansi wangefanya vyema kuisoma Italia ya karne hiyo. Kiitalia kilikomaa kwa kubebeshwa mzigo.

Mzigo huo ulipokewa na Galileo Galilei (1564–1642). Alipokuwa kijana huko Pisa, Galileo naye aliandika juu ya uwezo uliotiwa ndani ya kitu na unaopungua kidogo kidogo, kama ilivyokuwa desturi ya wakati wake. Baadaye, akiwa Padua, alianza kupima. Inayo karatasi yake mojawapo, ambayo watafiti wanaielekeza kwenye mwaka 1608, tarakimu za gololi zilizoteremshwa kwenye mteremko, zikaacha ukingo wa meza na kuanguka sakafuni. Matokeo yalitolewa kitabuni miaka 30 baadaye, mwaka 1638, na matbaa ya Elzevir huko Leiden nchini Uholanzi, kwani mwandishi alikuwa mzee kipofu aliyefungiwa nyumbani kwake Arcetri kwa hukumu ya Kanisa, na katika Italia asingepata mchapaji.

Kitabu hicho, kiitwacho kwa ufupi Discorsi, ni mazungumzo ya watu watatu, Salviati, Sagredo na Simplicio, yanayoendelea kwa siku nne. Lugha yake ni ya kuangaliwa. Katika siku ya tatu na ya nne wazungumzaji hujadiliana kwa Kiitalia, na nadharia zenyewe husomwa kwa Kilatini. Galileo aliyeweza kuandika yote kwa lugha moja aliamua hivyo kwa makusudi, akimpa fundi maelezo na msomi wa nchi za mbali thibitisho.

Siku ya nne ndiyo ya vitupwa. Galileo anaanza na kitu kinachokwenda juu ya uwanja wa mlalo usio na msuguano: kitaendelea kwa kasi ileile milele kama uwanja hauna mwisho. Kisha uwanja unakatika. Kitu hakiachi mwendo wake wa mlalo. Kinaongezewa tu mwendo wa pili, wa kuanguka, ambao kasi yake huzidi kadiri muda unavyopita. Miendo hiyo miwili hufanyika kwa pamoja na wala haizuiliani. Ikijumlishwa, njia inayotokea ni parabola.

Tazameni alichokifanya. Swali la Aristotle, lile la nani anayesukuma, hakulijibu. Aliliacha. Katika siku ya tatu Salviati husema waziwazi kwamba huu si wakati wa kuchunguza kisababishi cha mwendo kuongezeka kasi. Kwanza tujue unavyokwenda. Baada ya miaka elfu mbili ya kutafuta jina la kinachosukuma, ikaonekana kwamba hakuna kinachohitaji kusukuma. Mwendo wa mlalo hauna haja ya mlezi. Kinachohitaji sababu ni badiliko la mwendo, na kwa jiwe lililo hewani sababu hiyo ni moja, uzito wake, unaolivuta chini tangu lilipoachiwa hadi linapotua, wakati wa kupanda sawasawa na wakati wa kushuka.

Kutokana na hilo hesabu ya wapiga mizinga ilijibika. Mwalimu anaweza kuijaribu kwa tarakimu nyepesi. Jiwe litupwe kwa kasi ya mita 20 kwa sekunde, na mchapuko wa kuanguka tuuchukue kuwa 10. Kwa pembe ya nyuzi 45 jiwe litaanguka mita 40 mbele. Kwa nyuzi 30 litaanguka mita 34.6 hivi, na kwa nyuzi 60 ni mita 34.6 zilezile, ingawa la kwanza limekaa hewani sekunde 2 na kufika kimo cha mita 5, na la pili limekaa karibu sekunde 3 na nusu na kufika mita 15. Pembe mbili zinazoachana na 45 kwa kiasi kilekile, moja juu na moja chini, hufika mahali pamoja. Galileo aliandika jedwali lake akiipa nyuzi 45 tarakimu 10,000, na pembe nyingine zote zikapimwa kwa hiyo. Sagredo anapolisikia thibitisho hilo anasema kwamba habari ya nukta ya 6 alikuwa nayo zamani kutoka kwa wapiga mizinga, lakini kujua kwa nini iwe hivyo ni jambo lenye thamani kubwa kuliko kuambiwa tu.

Umbali huo wa mlalo Galileo aliuita kwa Kilatini amplitudo, yaani upana. Aliutazama kama upana wa parabola. Waitalia baadaye walisema gittata, kutokana na kutupa. Wafaransa husema portée, kutokana na kubeba. Wajerumani hutumia Wurfweite, umbali wa mtupo, neno analolielewa hata mtoto. Waarabu husema madā. Kwetu neno lililokaribu ni masafa, na sina shaka kwamba ndilo litakalobaki, kwani magazeti yamekwisha kutuzoesha makombora ya masafa marefu na ya masafa mafupi. Hata hivyo linahitaji kufungwa kamba mahali pawili.

Kwanza, neno masafa lina kazi nyingine. Watangazaji wa redio hulitumia kwa mawimbi, na msikilizaji akiambiwa afungue masafa fulani hafikirii umbali wowote. Mwanafunzi mmoja akikutana na masafa ya redio katika sura ya mawimbi, na masafa ya kitupwa katika sura ya mwendo, ana haki ya kuchanganyikiwa. Ndiyo maana napendekeza tusiandike masafa peke yake katika kitabu cha fizikia, tuseme daima masafa ya mlalo. Pili, fasili isiishie kwenye umbali wa kitu kilipofika. Iseme: umbali wa mlalo tangu mahali kitupwa kilipoachiwa hadi mahali kinaporudi kwenye usawa uleule. Maneno haya ya mwisho yanaonekana kama ya mwandishi asiyejua kufupisha, lakini bila hayo kanuni ya nyuzi 45 si kweli. Mrusha tufe huliachia tufe juu ya bega, nalo hutua chini ya usawa wa kiganja chake. Pembe iliyo bora kwake ni pungufu ya 45. Mwalimu wa michezo anayelijua hilo kwa macho atamcheka mwalimu wa fizikia, na kosa litakuwa la mtunga fasili.

Neno upeo, ambalo baadhi ya watu hulipendelea kwa utamu wake, ningeshauri tulikwepe hapa. Upeo wa mtupo ni nini? Ni kimo cha juu kabisa, au ni umbali wa mwisho? Wasomaji wawili watatoa majibu mawili.

Sasa nirudi kwenye nguvu. Mtu angetarajia kwamba baada ya Galileo, na hasa baada ya Isaac Newton kutangaza sheria zake mwaka 1687, neno hilo lingetulia. Halikutulia. Newton mwenyewe, katika fasili ya tatu ya Principia, aliuita uwezo wa mata wa kudumu katika hali yake vis insita, na akaruhusu pia uitwe vis inertiae, yaani nguvu ya ugoigoi. Vis ni nguvu. Mtu aliyeizika impetus alimwachia mrithi jina lake la ukoo. Ikambidi Leonhard Euler, katika karne ya 18, kueleza kwamba inesha haifai kuitwa nguvu hata kidogo, kwa kuwa nguvu hubadili hali ya mwendo, na inesha ni ule ukaidi wa kuidumisha. Kuziita kwa jina moja ni kuita moto na maji kwa jina moja.

Hapa Kiswahili kimebahatika. Tunalo neno kani, ambalo wanaistilahi wetu wamelitenga kwa maana ya kifizikia, na kuliacha nguvu liendelee na kazi zake nyingi za nyumbani. Uamuzi huo mara nyingine hulaumiwa kuwa ni wa kujikweza: kwa nini kani, na nguvu ipo? Historia niliyoisimulia ndiyo jibu. Nguvu kwa Mswahili hukaa ndani ya mtu, huongezeka akila, hupungua akifanya kazi, na huisha akichoka. Hiyo ndiyo impetus kamili. Buridan angelipokea neno letu kwa mikono miwili. Kani ya fizikia haikai ndani ya jiwe. Hutoka kwa kitu kimoja na kutenda juu ya kingine, na mkono ukiliacha jiwe, kani ya mkono imekoma papo hapo. Kilichobaki na jiwe ni mwendo. Kwa hiyo kani ya mkono haipungui jiwe linapopanda, wala kani ya jiwe haiishi linapofika juu, na tafsiri yenye maneno hayo irudishwe kwa aliyeiandika.

Nikidhaniwa kwamba natia chumvi, utafiti upo. Mwaka 1983 mwanasaikolojia wa Marekani, Michael McCloskey, alieleza jinsi alivyowahoji wanafunzi wa chuo kikuu, baadhi yao wakiwa wamesoma fizikia, kuhusu vitu vilivyotupwa na kuangushwa. Wengi walijieleza kwa fikra zinazofanana sana na za Paris ya karne ya 14, na hawakuwa wamemsoma Buridan. Kosa hilo limo katika lugha ya kila siku ya Kiingereza kama lilivyo katika yetu. Tofauti ni kwamba Kiingereza kilikwisha kuchagua neno lake la kifizikia kutoka katika lugha hiyohiyo ya kila siku, na walimu wake hulilipia kila mwaka. Sisi bado tunaandika vitabu, na tunaweza kuwaondolea walimu wetu gharama hiyo.

Kuhusu kitu chenyewe kilichotupwa, baadhi ya tafsiri hutumia kombora. Silikubali. Kombora hulipuka, na jiwe, mshale, mpira wa kona na tufe la mwanariadha havilipuki. Risasi, ambayo asili yake ni jina la madini tu, imekwisha kufungwa katika bunduki. Kitupwa limeundwa kwa njia ileile iliyotupatia kitendwa katika sarufi, halina harufu ya baruti, na humwambia msomaji jambo lililo muhimu kuliko yote, kwamba kitu hiki kilitupwa, na sasa hakitupwi tena. Kirushwa nalo lingefaa, ila kurusha kumeelemea mno kwenye ndege na vyombo vyenye injini, na chombo kinachosukumwa na injini yake njiani si kitupwa.

Limebaki jambo la hewa, ambalo Aristotle alilipa kazi ya kusukuma. Evangelista Torricelli, aliyeendeleza kazi ya Galileo, alipoletewa mwaka 1647 malalamiko kwamba mizinga haikutii parabola, alijibu kwa maana kwamba yeye aliwaandikia wanafalsafa na si wapiga mizinga. Jibu hilo lilidumu takriban miaka 100. Kisha mwaka 1742 Mwingereza Benjamin Robins alifyatua risasi kwenye ubao mzito ulioning'inizwa kama pendulamu, akaupima ulivyopepea, na kwa njia hiyo akaijua kasi ya risasi. Akaonyesha kwamba tufe la ratili 24, ambalo kwa hesabu ya parabola lingepaswa kufika maili 16 hivi, kwa kweli halikufika hata maili 3. Hewa ile iliyodhaniwa kusukuma, kazi yake ilikuwa kuzuia, na ilizuia kuliko mtu yeyote alivyowaza.

Kitabu cha Robins kilikuwa kidogo. Mwaka 1745 Euler, akiwa Berlin, alikitafsiri kwa Kijerumani na kukiongezea maelezo yaliyokizidi kitabu chenyewe mara kadhaa, akisahihisha, akibishana, na akiandika hesabu ambazo Robins hakuzigusa. Tafsiri hiyo ikawa kitabu kipya. Mwaka 1777 Hugh Brown aliitafsiri kazi ya Euler kwa Kiingereza, hata wananchi wenzake Robins wakakisoma kitabu chao kikiwa kimepitia Kijerumani na kurudi kimenenepa. Na mwaka 1783 Jean-Louis Lombard, mwalimu wa chuo cha mizinga cha Auxonne, akakitoa kwa Kifaransa. Ndiyo sababu kadi ya ukinzani wa hewa naiweka karibu na ile ya masafa ya mlalo, na katika fasili ya masafa naongeza maneno mawili ambayo mhariri wangu amekwisha kuyafuta mara mbili: pasipo ukinzani wa hewa yakiwa ni manne, nimekubali kuandika katika utupu.